Sayansi ya Kapu la Sokoni

Mtu yeyote anayekwenda sokoni mara kwa mara anajua kwamba bei ya nyanya haitulii. Fungu ambalo mwezi wa Agosti hununuliwa bila kufikiri, mwezi wa Aprili humfanya mnunuzi asimame, alitazame, kisha aombe apewe nusu yake. Bei ya maharage nayo hupanda na kushuka, lakini si kwa kishindo hicho. Na bei ya chumvi haijali kama mvua imenyesha au haikunyesha. Kwa nini vyakula hivi vitatu, vinavyouzwa na mtu yule yule katika genge lile lile, vitofautiane kiasi hicho? Wengi hujibu kwamba ni ujanja wa walanguzi. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halielezi kwa nini walanguzi hao hawawezi kuuficha mchicha ghalani kama wanavyoyaficha mahindi. Sababu kubwa zaidi imo ndani ya zao lenyewe, na ni sababu ya kibiolojia.

Kwa familia yenye kipato kikubwa, jambo hili linaweza kuwa la kupitisha wakati tu. Si hivyo kwa familia ambayo fedha ya matumizi hupangwa kila asubuhi. Huko unga hununuliwa kwanza, mkaa hufuata, na mboga na matunda hupata kile kilichobaki. Siku ambayo hakikubaki kitu hakuna anayelala na njaa, kwa maana ugali upo. Ndiyo maana upungufu wenyewe hauonekani upesi. Huonekana baadaye, kwa mtoto ambaye jua likizama huanza kujikwaa kwa vitu vilivyomo nyumbani mwao, au kwa mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi familia hiyo inavyoweza kupata lishe zaidi kwa fedha ile ile kwa kufuata misimu ya mazao ya hapa nchini. Walimu wa Biolojia, Kemia na Jiografia watakuta humu mambo kadhaa ya kufanyia darasani bila vifaa vya gharama.

Zao lililovunwa bado li hai

Tunapolichuma tunda au kulikata jani, hatuliui. Tunalitenga tu na mmea uliokuwa ukililisha. Seli zake huendelea kupumua, yaani kutumia oksijeni kuvunja sukari iliyomo ili zipate nishati:

C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati

Kabla ya kuvunwa, sukari iliyotumika ilirudishwa kwa njia ya usanidinuru. Baada ya kuvunwa hakuna kinachorudishwa. Zao huishi kwa akiba, na akiba ikipungua ladha hupotea, vitamini huharibika, na viumbe vya kuozesha hupata nafasi. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hutoka kama joto, na mtu akiingiza mkono katikati ya gunia la majani mabichi lililosafiri usiku kucha atahisi fukuto lake. Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuweka kichane cha mchicha na kikombe kidogo cha maji ya chokaa ndani ya chupa pana iliyofungwa, akaiacha kabatini usiku mmoja. Asubuhi maji yale yatakuwa yamegeuka kuwa meupe kama maziwa. Chupa iwekwe gizani, kwa sababu kwenye mwanga majani yatakuwa yakiitumia tena ile kabonidioksaidi yanayoitoa.

Kasi ya upumuaji haifanani kwa mazao yote. Majani machanga, uyoga na mahindi mabichi hupumua kwa haraka sana. Nyanya na embe kwa kiasi. Viazi na vitunguu polepole. Nafaka kavu hupumua kidogo mno, kwa kuwa haina maji ya kutosha. Tena kasi hiyo hutegemea joto: katika hali ya joto la kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, upumuaji huongezeka mara mbili hadi tatu. Kwa hiyo mchicha uliokatwa alfajiri na kununuliwa saa moja asubuhi si sawa na mchicha wa shamba lilo hilo uliokaa juani hadi saa nane, hata kama bei ni moja. Muuzaji akiunyunyizia maji atarudisha sura yake, na uzito wake pia, lakini hawezi kurudisha vitamini C iliyokwisha kupotea.

Hapo ndipo biolojia inapokutana na bei. Muuza mchicha jioni hawezi kumngoja mnunuzi wa kesho. Muuza nyanya anaweza kungoja siku chache. Muuza vitunguu, miezi. Mwenye gunia la mahindi makavu, mwaka mzima akipenda. Kadiri zao lisivyoweza kungoja, ndivyo bei yake inavyofungwa zaidi na kiasi kilichovunwa juma hilo hilo. Zao likiwa jingi bei huporomoka, na likiadimika hakuna akiba popote ya kuishusha. Anayenunua kwa msimu anaufuata udhaifu huu wa zao, na hana haja ya kumzidi muuzaji kwa maneno.

Mwandishi aliwahi kulithibitisha jambo hili kwa hasara yake mwenyewe. Nilikuwa nimerejea karibuni kutoka masomoni Uholanzi, ambako kwa miaka minne nilipima upumuaji wa matunda yaliyohifadhiwa katika vyumba vya baridi. Mwezi wa Agosti, nyanya zikiwa rahisi kupindukia, nilinunua tenga zima, nikaliweka stoo pamoja na chane mbili za ndizi mbivu, nikafunga mlango ili nzi wasiingie. Siku ya nne zaidi ya nusu ya nyanya zile zilikuwa zimelainika na kutoa maji. Mke wangu, ambaye shahada yake si ya mambo haya, aliniuliza kama huko Uholanzi walinifundisha kuzifunga nyanya chumba kimoja na ndizi mbivu. Swali lilikuwa la haki. Ndizi inapoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo gesi hiyo huyaamuru matunda mengine yaliyo karibu yaive. Joto la chumba kisicho na dirisha lilimaliza kazi. Nilikuwa nimenunua kilo moja kwa bei ya chini sana na kuila kwa bei ya kawaida.

Inafaa mnunuzi ajue kwamba matunda yako ya namna mbili. Embe, ndizi, papai, parachichi, pera na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yawe yamekomaa. Haya mtu anaweza kuyanunua yakiwa katika hatua mbalimbali, mengine ya kuliwa leo, mengine ya keshokutwa. Chungwa, ndimu, nanasi na tikiti haviivi zaidi baada ya kuchumwa. Nanasi chachu litalainika na kuoza, lakini halitakuwa tamu. Mzoga wa nanasi bichi lililonunuliwa kwa bei nafuu "ili liivie nyumbani" huonekana katika majalala yetu kila mwaka.

Kalenda ya nchi hii

Tanzania ina bahati ya kuwa na kalenda zaidi ya moja. Ukanda wa kaskazini, pwani ya kaskazini na maeneo ya Ziwa Viktoria hupata mvua mara mbili, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Sehemu kubwa ya kati, kusini na magharibi hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Ongeza juu ya hayo tofauti ya mwinuko kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za Njombe na milima ya Usambara, na utaona kwa nini ni nadra kupita mwezi ambao hakuna kitu kinachovunwa kwa wingi mahali fulani. Maembe ya pwani na ya Tabora hujaa kati ya Novemba na Februari. Mananasi ya Kiwangwa huja kuelekea mwisho wa mwaka. Machungwa ya Muheza hufurika katikati ya mwaka, wakati ambapo maembe yamekwisha. Mahindi na maharage ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa kipupwe kikiingia, na bei zake huwa chini kabisa katika miezi inayofuata.

Nyanya haifuati mkondo huo, na mfano wake unafaa kufundishiwa. Mtu angetazamia kwamba mvua ikinyesha nyanya zitakuwa nyingi. Kinyume chake, unyevu wa masika huleta ukungu wa majani na kuoza kwa matunda, barabara za mashambani hukatika, na mavuno hupungua. Wingi wa nyanya huja wakati wa kiangazi, wakulima wa mabondeni kama vile wa Ilula mkoani Iringa wanapomwagilia chini ya jua kavu. Tangu mwaka 2014 mdudu aitwaye kantangaze ameingia nchini na kuvuruga hesabu hizi, kwa kuwa yeye hupenda kiangazi.

Kuna hata msimu wa mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwezi kushindana na mbalamwezi. Siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mnunuzi wa Mwanza au Musoma anayejua hivyo hununua katikati ya giza, dagaa wanapokuwa wengi. Na asinunue wakati wa mvua nyingi bila kuwanusa na kuwaangalia kwa makini, kwa sababu dagaa wasiokauka vizuri huota ukungu.

Fungu halina uzito

Magenge yetu hupima kwa fungu, kisado, sado, ndoo na debe. Vipimo hivi vina manufaa yake kwa mtu mwenye fedha kidogo, maana fungu hukatwa kulingana na sarafu aliyonayo. Ubaya wake ni kwamba bei inapopanda, mara nyingi fungu hupungua badala ya bei kuongezeka, na mnunuzi haoni. Mwanafunzi mwenye mizani ya jikoni anaweza kuifichua siri hii katika majuma machache tu. Ila asimhukumu mwenye genge upesi. Huyo naye alinunua gunia la lumbesa, lililojazwa na kuongezewa kilemba juu, ambalo mkulima alilipwa kama gunia moja.

Uzito nao hautoshi. Tunachokila ni kile kinachobaki baada ya kumenya, kukata mizizi, kutupa kokwa na kuondoa kilichooza. Kwa hiyo bei ya kweli ya kilo ni bei iliyolipwa, ikigawanywa kwa uzito wa sehemu iliyoingia sufuriani. Hebu tuchukue mfano wa mboga mbili ambazo karibu kila familia ya mjini huchagua kati yake, yaani kabichi na mchicha. Bei na uzito nitakaotumia ni wa kuigiza tu. Msomaji aweke wa soko lake.

Tuseme kabichi la kilo 2 linauzwa shilingi 1,500. Tukiondoa majani ya nje na kigogo cha katikati, tuseme asilimia 20, tunabaki na gramu 1,600. Kila gramu 100 zimegharimu shilingi 94 hivi. Tuseme pia kwamba fungu la mchicha lina gramu 400 na bei yake ni shilingi 500. Mizizi na mabua magumu huchukua asilimia 35, zinabaki gramu 260, na kila gramu 100 zimegharimu shilingi 192. Kwa hesabu hii mchicha ni ghali mara mbili, na mama anayerudi na kabichi anaonekana kuwa ndiye mwenye busara.

Lakini familia hainunui uzito, inanunua viinilishe. Majedwali ya vyakula huonyesha kwamba gramu 100 za mchicha mbichi zina kiasi cha mikrogramu 146 za vitamini A, miligramu 2.3 za chuma, miligramu 215 za kalsiamu na miligramu 43 za vitamini C. Uzito huo huo wa kabichi una mikrogramu 5 tu za vitamini A, miligramu 0.5 za chuma, 40 za kalsiamu na 37 za vitamini C. Tukiuliza sasa shilingi 100 zinanunua nini, majibu ni haya. Kwa kabichi tunapata mikrogramu 5 za vitamini A, miligramu 0.5 za chuma, 43 za kalsiamu na 39 za vitamini C. Kwa mchicha tunapata mikrogramu 76 za vitamini A, miligramu 1.2 za chuma, 112 za kalsiamu na 22 za vitamini C. Katika vitamini C kabichi limeshinda waziwazi. Katika mengine limeshindwa, na katika vitamini A limeshindwa mara 15.

Mtoto mdogo huhitaji kiasi cha mikrogramu 400 za vitamini A kila siku. Nyumba inayopika kabichi mwaka mzima kwa kuwa ni kubwa na rahisi haitazipata kutoka humo, na matone ya vitamini A ambayo watoto walio chini ya miaka mitano hupewa mara mbili kwa mwaka hayakukusudiwa kuwa badala ya mboga. Hata hivyo lazima tuwe wakweli kuhusu mchicha pia. Una asidi ya oksaliki, ambayo hushika sehemu ya kalsiamu na kuizuia isisharabiwe mwilini, na chuma cha majani husharabiwa kwa shida kuliko cha nyama au samaki. Hapo ndimu ina kazi kubwa: vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule huongeza usharabu wa chuma cha majani na cha maharage. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo huupunguza. Familia ambayo imezoea maharage na chai inaweza kupata chuma zaidi bila kutumia hata senti moja ya nyongeza, kwa kuisogeza chai saa moja au mbili mbele na kuweka kipande cha ndimu au chungwa mahali pake.

Hesabu hii ukiifanya kwa mboga nyingine za kwetu, kama matembele, majani ya maboga, mnafu na kisamvu, utaona kwamba zinaelekea upande wa mchicha na si wa kabichi. Kisamvu kitwangwe vizuri na kupikwa mpaka kiive, kwa sababu majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sianidi. Kutwanga huviruhusu vimeng'enya vya jani kuvivunja, na moto huitoa sumu hiyo kwa mvuke. Karanga au tui la nazi vinavyotiwa humo si anasa. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta kidogo sehemu kubwa yake hupita tu. Magadi, kwa upande mwingine, yaliyopendwa kwa sababu hulainisha upesi na kukoleza ukijani, huharibu vitamini C na vitamini B1.

Katika matunda kuna upotofu unaonisikitisha zaidi. Mgonjwa akilazwa, jamaa humpelekea matofaa ya ng'ambo, maepo kama yaitwavyo mitaani, yaliyosafiri maelfu ya kilomita na yanayouzwa moja moja. Gramu 100 za tofaa hilo zina kiasi cha miligramu 5 za vitamini C. Chungwa lina 50 hivi, na pera, ambalo watoto huliokota chini ya mti na wakubwa wakalidharau, lina zaidi ya 200. Ubuyu nao, kwa uzito, kwa kawaida huizidi sana vitamini C ya chungwa, ingawa kiasi hubadilika kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine, na ni kavu, hauhitaji friji. Nasema ubuyu wenyewe, si ule uliopikwa kwa sukari na kutiwa rangi.

Jambo moja la tahadhari kwa wakazi wa Dar es Salaam. Ukaribu wa shamba na soko ni faida, lakini inategemea shamba liko wapi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwapo kwa madini mazito, yakiwamo risasi na kadimi, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Msimbazi na Sinza. Madini yaliyofyonzwa na mzizi hayaondoki kwa kuosha. Si vibaya kumuuliza muuzaji mboga yake imetoka bonde gani, na kuuliza kila mara hadi awe amezoea kujibu.

Kununua kwa wingi, na kusimamisha pumzi

Mboga za majani hununuliwa kwa siku. Kwa mahindi na maharage familia inaweza kununua wakati wa mavuno na kuweka akiba, nayo faida yake ni kubwa, kwa kuwa kati ya mavuno na miezi ya Januari na Februari bei hupanda sana. Sharti moja ni ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Asiye na kipima unyevu achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi hadi robo au theluthi yake pamoja na kijiko cha chumvi kavu, atikise kwa dakika moja, kisha aiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na lazima yaanikwe tena, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Sharti hili si la kuokoa fedha tu. Katika nafaka na karanga zisizokauka huota kuvu watoao aflatoksini, sumu inayodhuru ini. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua vivyo hivyo, na vifo kutokea. Kupika kwa kawaida hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu, hata yauzwe kwa bei ya bure, si ya kununua, na kuyafanya pumba za kuku ni kuyarudisha mezani kwa njia ya mzunguko.

Adui wa pili ni dumuzi, aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupewa majina mengi ya utani, likiwamo Skania, kwa jinsi anavyosomba. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa humshinda bila dawa. Mahindi makavu hutiwa ndani, hewa hukamuliwa, mdomo hufungwa kwa nguvu, na wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe kisha hufa. Mlinganyo ule ule ulioozesha nyanya zangu sasa unailinda nafaka. Mfuko usifunguliwe kila siku. Ni afadhali unga wa majuma mawili utolewe mara moja.

Majani na viazi hukaushwa. Wasukuma hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika kupata michembe, au huvichemsha kwanza na kupata matobolwa. Vyote hukaa miezi mingi. Maji yakitoka, upumuaji hukoma na kuvu hukosa pa kuota. Lakini jua kali huunguza karotini, hivyo mboga za majani na viazi vya rangi ya chungwa, ambavyo gramu 100 zake zinaweza kuwa na mikrogramu 700 za vitamini A, vikaushwe kivulini penye upepo, chini ya kitambaa chepesi. Nimeona kaya zikitumia paa la bati kwa haraka yake. Haraka ipo kweli, ila rangi ikipauka, karotini ndiyo iliyopauka.

Kwa nyanya na matunda ya siku chache, wakazi wa mikoa mikavu wanaweza kutumia chungu ndani ya chungu. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi iliyo kati hujazwa mchanga uliolowa, na juu hufunikwa kitambaa chenye maji. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikieneza chombo hiki kuanzia mwaka 1995. Kila gramu ya maji inayovukizwa huchukua joto la jouli 2,400 hivi, na ili kilo moja ya nyanya ipoe kwa nyuzi 10 lazima ipoteze jouli 42,000 hivi. Mwanafunzi akigawanya atapata gramu 17.5, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha mezani, ingawa kwa vitendo maji zaidi yatahitajika, kwa sababu joto la nje huingia bila kukoma. Dodoma na Singida chombo hiki hufanya kazi vizuri. Tanga au Dar es Salaam wakati wa masika hakifai, kwa kuwa hewa imekwisha kushiba unyevu na maji hayavukizwi.

Kazi ya darasa

Kwa shule zenye maabara ndogo, kipimo cha vitamini C kinaweza kufanywa kwa tinktura ya iodini ya duka la dawa na uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliochujwa. Molekuli moja ya vitamini C huiondoa molekuli moja ya iodini, na rangi ya buluu ya wanga hutokea tu vitamini ikiisha. Weka mililita 5 za maji ya chungwa katika bilauri, ongeza matone 10 ya uji, kisha dondosha iodini iliyozimuliwa mara 10, ukihesabu matone hadi buluu ibaki bila kutoweka. Rudia kwa maji ya pera yaliyokamuliwa na kuzimuliwa mara nne, kwa maji ya chungwa yaliyochemshwa dakika 20, na kwa maji ya kabichi lililokatwa jana. Hesabu ya matone igawanywe kwa bei ya mililita 5 za kila kimiminika.

Sambamba na hilo, wanafunzi watano wapewe zao moja moja la kufuatilia katika soko lililo karibu na shule, siku ile ile ya juma na saa ile ile, kwa mwaka mzima. Waandike bei, uzito wa fungu kwa gramu, uzito uliobaki baada ya kumenya, na mahali zao lilikotoka. Likizo ndizo zitakazoharibu kazi hii, hivyo mwalimu apange mapema nani aishiye karibu atakayepima mwezi wa Desemba, maana ndio mwezi wa maembe.